Gari la zamani kabla ya safari ndefu: soma dalili kwanza, spana baadaye

Gari la zamani linalozungushwa mtaani kila Jumapili hujua kudanganya. Linawaka mara moja, linanguruma vizuri, linapigwa picha, linarudi bandani kabla chuma chake hakijashika joto sawasawa. Mwenyewe anaamini liko tayari. Kumbe maradhi yake karibu yote yamelala, yanasubiri kilomita ya 70, mlima, jua la saa nane na mzigo nyuma.

Kwa hiyo usianze kwa kufungua nati. Wiki tatu hivi kabla ya safari, liendeshe saa nzima bila kusimama, kwa mwendo uleule utakaokwenda nao. Kisha simama, zima injini, ngoja dakika 10, washa, uendelee nusu saa nyingine. Dakika hizo 10 ndizo mtihani wenyewe. Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na feni haivuti upepo, hivyo joto lililomo kwenye silinda hupanda kwanza kabla ya kushuka, likatambaa hadi kwenye kabureta, koili (inayozalisha umeme wa plagi) na stata. Gari likigoma kuwaka hapo, shukuru limegomea karibu na nyumbani.

Kaa na daftari. Andika dalili ilitokea mwendo gani, injini ina joto au bado, mlimani au tambarare, tangi limejaa au limepungua. Fundi akiambiwa "gari linasumbua" ataanza kubadilisha vitu. Akiambiwa "linazima nikipanda mlima, tangi likiwa limejaa, na nikisubiri dakika 3 linawaka" anajua mkono uende wapi.

Na vitu vipya visifungwe usiku wa kuamkia safari. Hili nililipia mwenyewe. Nilibadilisha vifaa vya moto wa plagi, yaani pointi, kondensa, rota na plagi zenyewe, vyote kwa mkupuo, nikalala nikijisifu. Kilomita 60 tu, injini ikaanza kumisi, ikakohoa, ikazima. Kondensa mpya ilikuwa imekufa. Ile kuukuu niliyoivua jana yake ilikuwa kwenye boksi la dashibodi, nikaifunga kando ya barabara, ikatupeleka na kuturudisha. Tangu siku hiyo kifaa kipya nakipa walau kilomita 200 za majaribio, na kile cha zamani kinachofanya kazi sikitupi. Nabadilisha kimoja kimoja pia, maana ukibadilisha vitano na gari likaharibika zaidi, hujui umlaumu nani.

Linachemsha

Swali la kwanza: linachemsha likienda polepole au likikimbia?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa likipata mwendo, tatizo ni upepo. Tazama fenibelti: bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, iingie sentimita 1 hivi. Ikiingia zaidi, inateleza. Tazama pia kama mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi na wadudu. Yaoshe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, usiyapige presha ya karibu yakalala.

Likiwa shwari mjini ila sindano ya joto ikapanda barabarani kwenye mwendo wa 80 au 90, upepo upo wa kutosha. Hapo tatizo ni mzunguko wa maji. Rejeta iliyoziba ndani hujulikana kwa mkono: injini ikishapata joto, izime na upitishe kiganja taratibu juu ya mapezi. Sehemu baridi katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba. (Kama gari lina feni ya umeme, ng'oa waya wake kwanza, feni hiyo huwaka hata injini ikiwa imezimwa.)

Kuna mhalifu mmoja ambaye watu humruka kila siku: hozipaipu ya chini. Ndiyo inayofyonzwa na pampu ya maji, na kwenye magari mengi ndani yake huwekwa springi ya waya ili isijikunje. Springi ikiliwa na kutu, na mpira ukalainika kwa uzee, injini ikikimbia pampu inaivuta hozi inabonyea kama mrija wa karatasi uliofyonzwa sana. Maji hayapiti. Ukisimama kukagua, injini inapunguza kasi, hozi inarudi umbo lake, nawe huoni kitu. Nimeona gari lililobadilishiwa rejeta, themostati (valvu inayofunguka maji yakipata joto) na pampu ya maji, pesa imekwisha, na bado linachemsha. Njia ya kulinasa: injini ikiwa na joto, fungua boneti, mwenzako akanyage mafuta pole pole hadi kama mizunguko 3,000 kwa dakika, wewe uitazame hozi ile. Ikibonyea, umepata jibu.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa kwa sababu ni kidogo. Kazi yake ni kushikilia shinikizo. Kifuniko cha psi 7 (psi ni kipimo cha shinikizo) kinasogeza mchemko wa maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu 110. Springi yake ikichoka, maji yanachemka mapema na kumwagika, na utadhani injini ndiyo mbovu. Usikifungue injini ikiwa na moto, hata ukiwa na haraka gani.

Kama maji yanapungua bila tone kuonekana chini, na rejeta inatoa mapovu mfululizo ukiwasha injini ya baridi kifuniko kikiwa wazi, gasketi ya silinda hedi imeachia. Utando wa rangi ya maziwa kwenye fimbo ya kupimia oili unasema hivyohivyo, ingawa gari la safari fupifupi huweza kuwa na utando kidogo kwa sababu ya unyevu tu. Gasketi ikiachia, safari inaahirishwa.

Kuhusu kung'oa themostati "ili maji yapite vizuri": sikubaliani nako. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno inakula mafuta na kulika haraka, na kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeondoa kifaa cha kupunguza joto ukidhani unapunguza joto. Weka mpya. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uione inafunguka kwa macho yako.

Likianza kuchemsha ukiwa njiani, fungulia hita hadi mwisho pamoja na feni yake. Miguu itaungua lakini ile hita ni rejeta ndogo ya pili, na mara nyingi inatosha kukufikisha mahali salama pa kusimama.

Linazima likipata joto, likipoa linawaka

Hii ndiyo dalili inayopoteza watu wengi, kwa sababu petroli na umeme hufanana kabisa hapa. Wakati wa kupima ni pale pale lilipozima. Ukisubiri lipoe, ushahidi unaondoka.

Vua kifuniko cha chujio la hewa, chungulia koo la kabureta, na usukume nyenzo ya mafuta kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ukiona petroli inaruka kama mkojo mwembamba, petroli ipo. Geukia moto wa plagi. Usipoona kitu, petroli haijafika. Kabureta za aina ya SU hazina pampu hiyo ya kurusha, kwa hiyo kwake utalazimika kufungua bomba la petroli na kupiga stata kidogo huku umekinga chupa, waya wa koili umeutoa, na kila chenye moto kiko mbali.

Petroli isipofika wakati pampu ni nzima, huenda imechemka ndani ya bomba. Pampu ya zamani inayochezeshwa na injini iko mbali na tangi, inavuta kwa kufyonza, na kufyonza kunashusha kiwango cha mchemko. Petroli ya siku hizi pia inageuka mvuke upesi kuliko ile iliyokuwepo gari lilipobuniwa. Dawa ya njiani ni kitambaa kilichololoweshwa, kizungushiwe pampu. Dawa ya kudumu ni kuliondoa bomba karibu na bomba la moshi, kuweka bati la kukinga joto, na kipande kinene kisichopitisha joto chini ya kabureta. Wapo wanaobana vibanio vya nguo vya mbao kwenye bomba la petroli. Sijawahi kuona vikifanya kazi zaidi ya ile ya kuwachekesha wapita njia.

Kinyume chake pia hutokea: petroli imechemka kwenye kabureta, ikafurika na kulowesha injini. Hii utaijua kwa harufu. Kanyaga pedeli hadi chini, uishikilie hapo bila kuipampu, kisha piga stata. Kuipampu ni kuongeza mafuriko.

Petroli ikiwepo na moto usiwepo, shika mambo matatu. Koili kwanza: nyaya zake za ndani hutanuka kwa joto na kuachana. Koili ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje husoma takriban omu 3 kati ya ncha zake ndogo mbili. Ile inayotumia rezista husoma karibu nusu ya hapo. Ipime ikiwa moto. Ya pili ni kondensa: ikiwa imekufa, pointi zinarusha cheche kubwa za buluu na nyuso zake zinaungua. Nafasi ya pointi kwenye magari mengi ni kati ya milimita 0.35 na 0.45, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Ya tatu ni waya mwembamba ndani ya distribyuta, unaounganisha pointi na nje. Bati lililobeba pointi huzunguka kidogo kila unapokanyaga mafuta, na waya huo hukunjwa nalo, mara elfu kwa elfu. Nyuzi zake hukatika ndani ya plastiki, juu ukaonekana mzima. Gari litanguruma vizuri likiwa limesimama, na kumisi kila ukikanyaga. Uvute taratibu kwa kidole: mzima hautanuki, uliokatika unanyumbuka kama ugwe wa mpira.

Nguvu zinaisha barabarani, kisha zinarudi

Gari linakimbia vizuri, nguvu zinapungua kana kwamba mtu ameshika nyuma, linazima. Unasimama dakika chache unalaani. Linawaka, linakwenda kilomita 20, yale yale.

Kabla ya kufungua chochote, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa kwa mlio, tundu la kupumulia limeziba. Petroli ikitoka lazima hewa iingie. Isipoingia, tangi linakuwa na nguvu ya kuvuta kuishinda pampu. Tangi likiwa limejaa dalili inakuja mapema, kwa kuwa hewa iliyomo ni kidogo. Tiba yake ni waya mwembamba na dakika 2.

Kama tangi linapumua, fikiria kutu. Gari lililokaa miaka likiwa na tangi nusu tupu lina kutu kwenye kuta zote zilizokuwa juu ya petroli. Ukilizungusha mtaani, uchafu unalala chini. Ukilijaza na kulitikisa njia nzima, uchafu unanyanyuka, unafyonzwa mpaka kwenye mdomo wa bomba, unaziba. Injini ikizima, uchafu unaanguka tena. Ndiyo maana gari "linapona" lenyewe. Weka chujio la kioo au plastiki angavu kabla ya pampu, uangalie baada ya safari ya majaribio. Likiwa na unga wa kahawia, vua tangi lisafishwe. Kubadilisha chujio kila kilomita 100 si matengenezo. Shida yenyewe ni ya tangu magari yalipoanza. Mwaka 1888 Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, zaidi ya kilomita 100, bomba la mafuta liliziba naye akalizibua kwa pini ya kofia.

Mapovu kwenye chujio hilo angavu yana maana nyingine: kuna mpira uliopasuka upande wa tangi. Upande huo unafyonzwa, hivyo hauvuji petroli nje. Unaingiza hewa ndani. Hakuna doa, hakuna harufu. Badilisha mipira yote ya mafuta, na ununue iliyotengenezwa kuvumilia petroli yenye ethanoli, kwani ethanoli huilainisha na kuipasua ile ya zamani.

Nguvu zikipungua polepole kwa wiki na si kwa dakika, pima nafasi za tapeti (upenyo mdogo unaoachwa kwenye kila valvu). Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi iliyokuwemo kwenye petroli kulinda vitako vya valvu, na petroli ya magari yenye risasi ilikoma kuuzwa duniani kote mwaka 2021. Mwendo mkali wa saa nyingi ndio unaovila vitako hivyo. Ukikuta nafasi inazidi kubana kila ukipima, valvu inazama. Punguza mwendo, na panga kazi ya silinda hedi baada ya safari.

Stata nzito, taa hafifu

Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Injini ikikimbia, kati ya 13.8 na 14.4. Gari lenye dainamo halichaji vizuri injini ikiwa chini, kwa hiyo taa nyekundu kumetameta ukisimama isikutie wasiwasi. Isipozimika ukikanyaga, hapo ndipo pa kuhangaika. Dainamo nyingi za miaka ya 1950 na 1960 hutoa ampea 20 hadi 30 tu. Taa kubwa, waipa na feni ya hita vikiwaka pamoja usiku wa mvua, betri inakula akiba yake.

Kabla ya kununua betri au stata, pima waya wa bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi (kwenye magari mengi ya zamani ya Uingereza ni chanya, si hasi), ncha nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kwenye kutu na rangi. Sugua, kaza, pima tena.

Breki

Hapa sina mzaha. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki: mpira mmoja unaopitisha mafuta hayo ukipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki kwa pamoja.

Kanyaga pedeli injini ikiwa imezimwa, uishikilie kwa nguvu za kawaida dakika nzima. Ikizama polepole na hakuna kinachovuja nje, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) inapitisha ndani. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Ikienda mbali mara ya kwanza na kuwa ngumu juu mara ya pili, pedi za ngoma zinahitaji kusogezwa.

Gari likivuta upande mmoja ukifunga breki, huenda upande mwingine una grisi kwenye pedi au silinda ya gurudumu imeganda. Lakini likivuta hata baada ya kuachia pedeli, shuku mpira wa breki. Mpira wa miaka 30 huvimba kwa ndani. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi za kurudisha hazina. Breki inabaki imeshika. Jaribio: inua gurudumu, weka stendi, kanyaga na kuachia, kisha lizungushe. Likiwa zito, fungua kidogo nati ya kutolea upepo. Likiachia papo hapo, mafuta yalikuwa yamenaswa nyuma ya mpira.

Pedeli ikizama hadi sakafuni kwenye mteremko mrefu, halafu ikarudi ukipumzika, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishashika maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Kama hujui yalibadilishwa lini, yabadilishe yote. Na mteremkoni shuka kwa gia uliyopandia.

Mtetemo na matairi

Tairi la gari la maonyesho huwa na meno mazuri na mwili uliokufa. Soma tarakimu ubavuni: nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka, yaani 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Zikiwa tatu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000. Litoe, hata kama linang'aa. Yaliyopita miaka 10 siyatii kwenye safari ya mwendo, pamoja na lile la akiba.

Mtetemo unaokuja kwenye usukani kati ya 80 na 100 na kupungua ukipita hapo ni balansi ya magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti, shuka chini utikise propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma). Ikicheza kwenye viungo vyake vya msalaba, ibadilishwe.

Moshi

Wa buluu unapowasha, au ukikanyaga baada ya kushuka mteremko mrefu, ni sili za valvu. Safari inawezekana ukibeba oili. Wa buluu mfululizo mlimani ni ringi. Mweusi, kabureta inamwaga petroli kupita kiasi. Mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata joto unakurudisha kule kwenye gasketi.

Beba fenibelti, hozi mbili za rejeta, kondensa na pointi ulizokwisha kuzijaribu, rota, waya wa umeme mita kadhaa, lita 5 za maji, mita ndogo, tochi na kizimamoto kilicho karibu na mkono, si chini ya mizigo.

Siku yenyewe, simama baada ya kilomita 50 za kwanza. Kaza nati za magurudumu. Zunguka gari ukisogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu: kimoja kikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, ni beringi au breki iliyoshika, na hilo unalishughulikia hapo hapo. Chungulia chini uone kama kuna tone jipya. Kisha ngoja dakika zako 10, uwashe.